Kisanduku cha Sababu

Fomu ya ukaidi ina kisanduku kimoja cha sababu,
mistari mitatu, na wa tatu umeliwa na mhuri.
Usiku huu naandika: Huenchumil, Eliseo, miaka kumi na mitano,
amekataa kurudisha kijiko.

Mvua ya Temuco haina adabu, inanyesha tangu Jumanne.
Moshi wa kuni wa mji mzima umeshuka, umelala uani,
nami nimekaa na kalamu, mlinzi wa zamu ya usiku,
mwaka wa kumi na tisa kazini,
goti la kushoto likinihesabia ngazi.

Naweza kuandika: mtundu.
Faili lake lina mtundu mara kumi na moja,
kichwa kigumu mara nne,
na hana heshima, mara moja tu,
iliyopigiwa mstari hadi kalamu ikatoboa karatasi.

Lakini nilikuwapo getini siku aliyoletwa.
Tuliandikisha mali: mkanda mmoja.
Kamba za viatu, jozi.
Simu yenye kioo kilichopasuka.
Peso elfu mbili na mia tatu.
Kibanio cha nywele, chekundu, cha mtoto wa kike.
Hicho alikishika kidogo kabla ya kukiachia.
Akatia sahihi, mfuko ukafungwa.
Hatukumuuliza kama ana hapana mahali fulani mwilini.
Ikapita.

Tangu hapo anaitumia kama mtu mwenye sarafu moja
anayeogopa kurudishiwa chenji.
Kaa. Hapana.
Simama. Hapana.
Kula. Hapana,
na tumbo lake linanguruma hadi mlangoni kwangu.

Samaki mkunje angali mbichi, husema don Evaristo,
mkurugenzi, afikaye saa tatu na kuondoka kabla ya giza.
Huyu alikwisha kukunjwa, bwana:
na baba wa kambo, na nyumba mbili za malezi,
na askari waliomkuta amelala kituo cha basi,
kila mmoja kwa upande wake,
hata mikunjo haikutani.

Sisemi wote ni malaika. Ninao wa kunitemea mate.
Yerko alivunja kioo cha bafu, akatuonyesha vipande
kama mtu anayeonyesha tiketi.
Tukamfungia peke yake siku tano.
Alilala saa kumi na sita mfululizo,
na hapo nikaelewa alikuwa akikimbia bweni.
Fomu yake inasema: hasira.
Mwandiko ni wangu.

Wangu pia ni mkono ulioshika kifundo cha mguu wa Eliseo
mwezi uliopita, wanaume wawili wakimlaza sakafuni.
Kifundo chembamba. Kilipiga kama moyo.
Hilo halina kisanduku.

Kijiko, sasa.
Walisema atakuwa anakinoa.
Nikapanda na tochi, nikaizima kabla ya kufika,
kwa sababu anachukia kumulikwa usoni, na hajawahi kusema kwa nini.
Alikuwa juu ya kitanda, shavu kwenye nondo,
mkono wote nje ya dirisha hadi bega,
na kijiko kwenye ncha ya mkono, kimegeuzwa mgongo,
mvua inakigonga.

Paa letu ni la zege. Chini yake mvua haisikiki.
Kwao, nadhani, ni bati.

Nikasema: kirudishe.
Akasema: hapana.
Akasema bila kugeuka, bila ukali,
kama mtu aliyeulizwa saa akiwa hana saa.
Tukasimama. Ti. Ti-ti. Ti.
Maji yalikuwa yamemlowesha hadi ubavuni.

Alhamisi hakimu atasoma fomu hii.
Kila ukaidi una uzito wake, nao hupimwa kwa wiki.

Nimefungua kopo la chakula changu,
nikatoa kijiko, nikakifuta kwa sketi.
Naandika: vijiko thelathini na viwili, vyote vimo.
Asubuhi watahesabu, hawatatazama.
Kimoja kina ua kwenye mpini.